Daktari Carothers wa Mathari: aliyoyaandika kuhusu miraa, Meru na Embu, na kwa nini sisi Wapwani tuyajue

Tangu Mei 2024, pale kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kupiga marufuku muguka, kila baraza la kahawa hapa Pwani limepata daktari wake. Mmoja atakwambia muguka unatia wazimu. Wa pili atasema unamaliza nguvu za kiume. Wa tatu atacheka, aseme hizo ni siasa tu. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hizo kabla hata wino haujakauka, Rais naye akasema hazina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria, na mzozo ukabaki palepale.

Katika kila mabishano ya aina hii hatokosekani mtu wa kusema kwamba hata madaktari wa kizungu walishayasema haya tangu ukoloni. Ni kweli, yuko daktari aliyesema. Aliitwa John Colin Dixon Carothers. Wengi wanaoyarudia maneno yake hawamjui kwa jina, na hawajui ni mambo gani mengine aliyoyaandika kuhusu watu wa Meru, Embu, na Mwafrika kwa jumla. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini miaka mingi ya kazi yangu ya maabara nimeimalizia Embu na Meru, huko huko mashamba ya muguka na miraa yaliko. Jina la Carothers nilikutana nalo huko. Leo naomba nimsimulie, kwa sababu maisha yake yana somo ambalo bado hatujalimaliza.

Daktari asiye wa akili

Carothers alizaliwa mwaka 1903 Simonstown, bandari ya jeshi la majini karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Udaktari aliusomea London, katika hospitali ya St Thomas's. Mwaka 1929 aliajiriwa na serikali ya kikoloni akaletwa Kenya kuwa daktari wa wilaya.

Kazi ya daktari wa wilaya siku zile ilikuwa kila kitu. Asubuhi anafunga vidonda, mchana anachoma sindano, jioni anaitwa kupasua maiti kwa ajili ya kesi ya mahakamani. Alifanya kazi hiyo kwa miaka 9, akihamishwa huku na kule. Hakuna aliyemfundisha maradhi ya akili, wala hakuwahi kuyasomea kwa namna ya pekee.

Mwaka 1938 akapewa usimamizi wa Mathari.

Mathari, kwa wasioijua historia yake, ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo ya Nairobi yaliyokuwa yakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Jina lake la kwanza halikuwa la hospitali, lilikuwa la nyumba ya wendawazimu. Mwaka 1924 ndipo ilipoitwa hospitali. Ndani yake wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali, na waliokuwa wengi ndio waliopewa kidogo. Carothers aliisimamia mpaka mwaka 1950, na wakati huohuo akawa daktari wa jela ya Nairobi. Cheti cha taaluma ya magonjwa ya akili alikipata mwaka 1946 alipokwenda likizo Uingereza. Kwa maneno mengine, alitibu kwanza, akasoma baadaye.

Simlaumu kwa hilo. Serikali ndiyo iliyompa kazi, na wengine wangeikimbia. Waliomfahamu hawakumweleza kuwa mtu katili. Jambo la kuangalia ni hili: wagonjwa wa Mathari walifikaje pale? Hawakuletwa na mama zao kwa miguu. Wengi waliletwa na polisi, kwa amri ya hakimu, baada ya kuvunja, kupiga, kuchoma nyumba au kutembea uchi sokoni. Aliyekaa kimya gizani, asiyekula, asiyelala, anayelia bila sababu, huyo hakumsumbua polisi. Alibaki nyumbani, akaitiwa mganga, akafa au akapona. Carothers hakumwona kamwe. Tafadhali shika jambo hilo, msomaji, kwa sababu makosa yake makubwa yalianzia hapo.

Bongo 100 juu ya mizani

Kabla ya Carothers kushika Mathari, Nairobi ilikuwa na madaktari wengine wawili waliomtangulia katika njia hiyo. Mmoja ni H. L. Gordon, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Mathari. Katika miaka ya 1930 alitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni duni kwa kuzaliwa, na mwaka 1933 wazungu wa Nairobi wenye mawazo kama yake wakaunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha kizazi cha binadamu. Wa pili ni F. W. Vint, daktari wa maabara ya utafiti ya serikali. Vint alichukua bongo 100 za Waafrika waliofia hospitalini, akazipima uzito, akazikata vipande vyembamba na kuzitazama kwa hadubini. Mwaka 1934 akachapisha jibu lake: ubongo wa Mwafrika una upungufu wa kama asilimia 10 ukilinganishwa na wa Mzungu.

Nikiwa mtu wa maabara, naomba niseme neno. Mizani ya Vint huenda ilikuwa nzuri kabisa. Tatizo la kipimo mara nyingi haliwi kwenye mashine. Linakuwa kwenye swali, na kwenye sampuli. Bongo zile zilikuwa za maskini waliokufa kwa maradhi na utapiamlo, nao walilinganishwa na tarakimu za Wazungu zilizotoka kwingine kabisa. Ukipima samaki aliyekauka juani na samaki aliyetoka baharini sasa hivi, huwezi kusema umepima aina mbili za samaki.

London haikutoa fedha za kuendeleza utafiti huo. Lakini mawazo yenyewe yalibaki hewani Nairobi, na Carothers aliyavuta kama alivyovuta hewa.

Miraa mwaka 1945

Mwaka 1945 Carothers aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki makala fupi kuhusu miraa kama chanzo cha wazimu. Ni kurasa chache tu. Aliwaeleza wagonjwa waliofikishwa Mathari baada ya kutafuna kupita kiasi, walioona maadui wasiokuwapo, waliosikia sauti, waliofanya fujo. Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya dunia na baada yake, biashara ya miraa ikipanda kutoka Meru kwenda Isiolo na kaskazini, na serikali ilikuwa na wasiwasi. Maandishi ya madaktari yakawa silaha ya wale waliotaka miraa izuiwe, na vizuizi vikawekwa, hasa katika wilaya za kaskazini.

Je, alikosea? Hapa lazima tuseme ukweli bila kupendelea. Hakukosea yote. Jani bichi la miraa lina kemikali iitwayo kathinoni, iliyotambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa, na utendaji wake unakaribiana na amfetamini. Jani likikauka, kathinoni hugeuka kuwa kitu dhaifu zaidi, ndiyo maana mzigo hufungwa kwa majani ya mgomba na gari la Maua hukimbia kama limeibiwa. Mtu anayetafuna siku mbili mfululizo bila kulala wala kula anaweza kweli kupoteza akili kwa muda, na aliye na ugonjwa tayari unaweza kumzidi. Hayo madaktari wa leo nao wanayakubali.

Lakini Carothers hakuuliza swali la pili. Wameru wa Igembe na Tigania wametafuna miraa tangu enzi za mababu. Kitita cha miraa hupelekwa kwa wakwe wakati wa posa, na wazee wa Njuri Ncheke hawakuwa watu wa kuokotwa njiani wakizungumza na miti. Ikiwa maelfu wanatafuna na wachache wanafika Mathari, basi kuna jambo jingine linaloamua: kiasi, usingizi, njaa, umri, ugonjwa uliokuwapo kabla. Aliyekaa Mathari akiwahesabu waliofika hawezi kujua idadi ya wasiofika.

Na lile la nguvu za kiume? Carothers hakuliingia, ila kwa kuwa ndilo linalojaza baraza, nilisemee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichukua chembe za korodani za panya, zile zinazotengeneza homoni ya kiume, yaani testosteroni, wakaziwekea maji ya miraa kwa vipimo mbalimbali. Kipimo kidogo kiliongeza homoni, kipimo kikubwa kikaipunguza. Kwa hiyo anayesema miraa inatia nguvu na anayesema inamaliza nguvu, kila mmoja anaweza kujipatia nusu ya matokeo akaondoka ameshiba. Na hao ni panya, tena chembe zao ndani ya chupa. Mtu mzima anayetafuna muguka Kisauni ana mambo mengine ya kupimwa: usingizi wake, sigara zake, chakula chake, na hali ya ndoa yake.

Kwamba Mwafrika hahuzuniki

Mwaka 1947 Carothers alichapisha kazi kubwa zaidi, akitumia kumbukumbu za Waafrika waliolazwa Mathari. Aliona kwamba ugonjwa wa huzuni, ule tunaouita sonona au unyogovu, ulikuwa nadra sana kwao. Akatafuta sababu. Angeweza kusema kwamba wenye sonona hawaletwi na polisi. Badala yake alisema Mwafrika habebi mzigo wa lawama moyoni mwake. Lawama zote huzitupa kwa wachawi na mizimu, kwa hiyo huzuni ya ndani haimshiki.

Sasa tazama kilichokuwa kikitendeka kwingine miaka hiyohiyo. Huko Ulaya na Marekani wanasayansi walikuwa wamepata homoni za uzazi zikiwa safi: ya kike mwaka 1929, na testosteroni mwaka 1935. Madaktari wa akili wakaanza kuzitumia. Wanawake waliofikia ukomo wa hedhi wakashikwa na huzuni nzito walichomwa homoni za kike kwa matumaini kwamba mwili ukirudishiwa kilichopungua, na akili itatulia. Matokeo hayakuwa mazuri kama walivyotarajia kwa ugonjwa mzito, na baadaye tiba ya umeme ikachukua nafasi. Lakini angalau walikubali kwamba yule mama anaumwa, kwamba huzuni yake inaweza kuwa na mzizi katika damu, na kwamba inafaa kutafutwa.

Mama wa Embu au wa Lamu hakupewa heshima hiyo. Kwa mujibu wa daktari mkuu wa akili nchini, ugonjwa huo haukuwa wake.

Homoni hizohizo nazo zilikuwa na upande wa giza. Mwaka 1952 huko Uingereza, mtaalamu wa hesabu Alan Turing, aliyesaidia kuvunja siri za mawasiliano ya Wajerumani vitani, alihukumiwa kwa kosa la kulala na mwanamume. Mahakama ilimpa nafasi ya kuepuka jela kwa sharti kwamba adungwe homoni ya kike ya kutengenezwa. Alifariki mwaka 1954. Nimemtaja kwa sababu moja: kumwita mtu mgonjwa ni jambo kubwa. Ukilikabidhi kwa serikali, serikali italitumia kwa wale isiowapenda. Mwaka huohuo wa 1954, Kenya ilikuwa ikifanya jambo la jamii hiyohiyo, safari hii kwa umma mzima.

Kitabu cha Geneva na ripoti ya Nairobi

Carothers aliondoka Kenya, akafanya kazi hospitali ya St James's, Portsmouth, Uingereza. Mwaka 1951 aliandika kwamba tabia ya Mwafrika inafanana na ya mtu ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake haifanyi kazi sawasawa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia Geneva kitabu chake, The African Mind in Health and Disease. Humo alirudia ulinganisho huo: Mwafrika wa kawaida anakaribiana na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji waliokuwa wakifanyiwa wagonjwa wa akili wakati ule. Si Mwafrika mgonjwa, msomaji. Mwafrika mzima, anayelima, anayesali, anayelea watoto. Na neno hilo lilitoka na muhuri wa shirika la dunia nzima.

Wakati huo vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na sheria zake ziliwabana Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa pamoja. Serikali ilikuwa na shida: ikikubali kwamba watu wale wanadai ardhi na uhuru, lazima iwajibu. Ikisema wamerukwa na akili, haihitaji kujibu, inahitaji kuwatibu. Carothers akaalikwa kutoka Portsmouth kuja kueleza saikolojia ya Mau Mau. Ripoti yake ya mwaka 1954, yenye kurasa chache tu, ilichapwa na mpiga chapa wa serikali Nairobi.

Ndani yake alisema watu hao wamekwama njiani: mila za wazee zimewatoka na ustaarabu mpya haujawaingia. Alisema ni watu wa msituni kwa asili, wasiri na wenye kushukiana. Ripoti inamzungumzia zaidi Mkikuyu. Mwembu na Mmeru wametiwa kapuni pamoja naye. Aliyetaka kujua kwa nini Musa Mwariama wa Meru au Jenerali Kubukubu wa Embu waliingia msituni, hakupata jibu kwenye ripoti hiyo, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Kuhusu dawa, Carothers aliunga mkono kuwakusanya watu vijijini, akiona inafaa maisha hayo ya vijiji yawe ya kudumu.

Kazi hiyo ilikuwa imeshaanza. Watu zaidi ya milioni 1 walitolewa katika makazi yao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyochimbiwa mahandaki, vikazungushiwa miti iliyochongwa ncha, na kuwekewa saa za kutotoka nje. Nimekaa na ajuza huko Embu ambao bado wanakumbuka njaa ya vijiji hivyo kuliko wanavyokumbuka harusi zao. Tambarare za Mwea, ambazo wakati huo zilikuwa Wilaya ya Embu, zilijaa kambi ambamo wafungwa walipigwa mpaka wakiri kiapo. Waliosimamia kambi walizungumza kama matabibu: kiapo ni sumu, kukiri ni kuitapika, aliyekiri amepona.

Sisi wa Pwani tusidhani mambo hayo yalipita mbali. Manyani ni njiani kuelekea Voi, na huko walifungwa maelfu. Hola iko kwetu Tana River, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa pale kwa kipigo kwa kukataa kufanya kazi. Ardhi yetu ilifanywa wodi ya ugonjwa uliobuniwa Nairobi. Simtwiki Carothers peke yake damu hiyo. Hakushika rungu, na kambi zilikuwapo kabla ya kalamu yake. Lakini aliyeshika rungu alihitaji mtu wa kumwambia kwamba anayempiga si mdai haki bali mgonjwa, na kalamu hiyo ilipatikana.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ilitoa pole kwa mateso. Kwa kuitwa wendawazimu, hakuna aliyeombwa radhi.

Waliomjibu

Majibu yalikuja upesi. Daktari T. A. Lambo wa Nigeria, mwenyewe bingwa wa magonjwa ya akili, aliyapinga maandishi hayo katika miaka ya 1950, kisha akashirikiana na Wamarekani kwenda vijijini kuwatafuta wagonjwa walipo badala ya kuwasubiri hospitalini. Matokeo yalitoka mwaka 1963: dalili za sonona zilikuwa tele. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Algeria, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1961 na kuyaanika mawazo yake. Mwaka 1979 uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda ulikuta sonona nyingi kuliko iliyokutwa kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London. Ugonjwa usiokuwapo ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kubisha hodi.

Carothers mwenyewe aliishi uzeeni Uingereza, akafariki katika miaka ya 1980. Alipata umri wa kutosha kuiona Kenya huru ikiwa na madaktari wake wa akili, waliozaliwa na akina mama aliosema hawahuzuniki.

Lililobaki kwetu

Mtu ataniuliza: maiti tumeshazika, kwa nini unafukua kaburi? Nafukua kwa sababu hoja yake haijazikwa. Kila tusemapo Wameru wana hasira za kuzaliwa, kila wa bara asemapo Mpwani ni mvivu kwa damu yake, Carothers anatabasamu. Na kila tumwonapo kijana wetu amebadilika, anazungumza peke yake, anakimbia usiku, na tukasema basi, ni muguka, tukafunga mlango, tunafanya alichofanya yeye: tumepata jibu kabla ya kupima.

Kazini nimeona sampuli zikija na maelezo mafupi, kwamba mgonjwa ni mtafunaji. Damu ikipimwa, wengine hukutwa na malaria iliyopanda kichwani, wengine kaswende ya siku nyingi, wengine sukari, wengine tezi ya koo inayomwaga homoni kupita kiasi, na tezi hiyo ikienda mbio mtu hutetemeka, hakosi wasiwasi, halali, huonekana kama amekula gomba la wiki nzima. Hayo yote yanatibika. Na wako ambao kweli ni muguka, siwafichi. Lakini huwezi kumtofautisha huyu na yule kwa kumtazama shavu.

Jambo la pili ni akina mama. Mwanamke akijifungua, homoni za uzazi zilizokuwa zimejaa mwilini hushuka ghafla ndani ya siku chache. Wengi hulia kidogo kisha wakatulia. Baadhi huingia kwenye sonona. Na katika kila wazazi 1,000, mmoja au wawili hupoteza akili kabisa, wakaweza hata kumdhuru mtoto. Kwetu mambo haya hutokea ndani ya arubaini, mama akiwa mikononi mwa nyanya na makungwi, na neno la kwanza kutajwa ni pepo. Sisemi msisome dua, someni. Ila dua isomwe njiani kwenda hospitali. Mama huyo akicheleweshwa wiki tatu kwa sababu tumeamua hana ugonjwa bali ana shetani, tofauti yetu na daktari wa Mathari aliyesema hawezi kuhuzunika ni ndogo mno.

Jopo la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi haya yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Kaunti zetu zilizopata nguvu ya kuandika amri za muguka zina deni la kujibu: vijana wangapi wa Mombasa na Kilifi walipimwa? Zahanati ngapi zina mtu aliyesomea akili? Zahanati ngapi zinaweza kupima tezi ya koo bila kumtuma mgonjwa maabara ya kulipia asiyoweza kulipia? Mimi sipingi muguka kudhibitiwa, wala sipendi kuona watoto wa shule wakinunuliwa kwa mfuko wa shilingi hamsini. Mkulima wa Mbeere naye ana watoto wa kusomesha, na mazungumzo naye hayakwepeki. Lakini marufuku isiyo na kliniki ni kama ya mwaka 1945: iliwekwa, ikafifia, na wagonjwa wakabaki walipokuwa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, akibadilika mtu wako, mpeleke. Mwambie daktari ukweli wote, muguka na mengineyo, kisha uulize damu imepimwa nini na kwa nini. Una haki ya kuuliza. Na mwakilishi wako wa wadi akija kukuomba kura kwa kutumia jina la muguka, mwulize hospitali ya karibu ina nini. Carothers alikuwa na Mathari nzima, jela nzima na serikali nzima nyuma yake, na bado alikosea kwa kutotoka nje ya ukuta akaulize. Sisi tunaoishi nje ya ukuta huo hatuna udhuru.